PICHA, UKUTA NA KITENZI: Kauli za Kutendama, Kutendeka na Kutendana katika Kueleza na Kupima Mgeuko wa Kuta za Matofali, Tunduma

Ikisiri

Makala haya yanachunguza vitenzi ambavyo wasemaji wa Kiswahili huvitumia kueleza ukuta wa matofali unapoharibika, na kuvilinganisha na mbinu ya kihandisi ya kupima mgeuko wa ukuta kwa kulinganisha picha. Hoja kuu ni kwamba kauli za kutendama, kutendeka na kutendana hutenga mambo matatu ambayo vipimo vya picha navyo huyatenga, ilhali nomino ufa, ambayo ndiyo hutawala maandishi yetu, huyafunika yote. Mifano imetolewa katika mazingira ya ujenzi wa Tunduma, mkoani Songwe. Inapendekezwa kwamba istilahi za uwanja huu ziundwe kutokana na vitenzi hivyo.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri kwa Kiswahili ripoti fupi ya uchunguzi wa majengo ili isomwe na wenye nyumba. Taasisi iliyoiandaa haina haja ya kutajwa hapa, kwa kuwa kosa nitakalolieleza halikuwa lake. Mwandishi wa ripoti alitenga hali tatu: ukuta ambao mpasuko wake ulikata matofali yenyewe, ukuta ambao matofali yake yalikuwa mazima lakini yametengana kwenye maungio, na ukuta ulioinama mzimamzima bila kufunguka popote. Mimi, kwa haraka na kwa kuitegemea mno kamusi, niliandika ufa mara ya kwanza, ufa mara ya pili, na mara ya tatu nikaandika mabadiliko ya umbo. Tafsiri ilisomeka vizuri. Ubaya wake ni kwamba mwenye nyumba aliyeisoma hakuweza kujua kama apige plasta, abomoe kozi chache na kuzijenga upya, au ahame.

Kosa la tatu lilikuwa kubwa kuliko mawili ya kwanza. Ukuta ulioinama mzimamzima haujabadilika umbo hata kidogo, umebadilika mkao. Nililitambua hilo baadaye, nilipoanza kusoma namna wahandisi wanavyopima kuta kwa kutumia picha, na ndipo nilipoona kwamba tofauti niliyoshindwa kuitafsiri imekuwamo katika unyambulishaji wa vitenzi vyetu siku zote. Mwanaisimu anayefundisha kauli za vitenzi kwa miaka mingi ana haki ya kuona haya kidogo.

2.0 Ukuta unaozungumziwa

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumega Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake yako Vwawa. Tunduma ni mji wake wa mpakani, unaotazamana na Nakonde ya Zambia; barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA hupitia hapo. Nyumba nyingi za eneo hili ni za matofali ya kuchoma, yanayofyatuliwa na kuchomwa karibu na mahali pa kujengea. Matofali hayo hushikizwa kwa udongo, au kwa saruji pale ambapo fedha inaruhusu. Mara nyingi udongo hutumika ndani ya maungio na saruji ikapakwa nje tu, hata mpita njia akadhani ukuta wote ni wa saruji.

Jambo moja la tanuru linahusika moja kwa moja na hoja yetu. Matofali yaliyopangwa karibu na moto huiva, na yale ya pembeni hutoka mabichi. Fundi hutumia kitenzi hicho hicho cha jikoni: tofali limeiva au halijaiva. Yote huishia katika ukuta mmoja. Kwa hiyo ukuta wa Tunduma si kitu cha namna moja: una matofali magumu kuliko udongo unaoyashikiza, na papo hapo una matofali dhaifu yaliyozungukwa na saruji ngumu kuliko yenyewe.

Nyumba inapoanza kuharibika, kila mtu ana mshitakiwa wake. Yuko anayelaumu malori ya barabara kuu, yuko anayelaumu mvua na udongo unaovimba na kusinyaa, na yuko anayemlaumu fundi kwa kuchimba msingi mfupi. Ardhi yenyewe haiwezi kuachwa nje ya kesi. Songwe imo katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na jina hilo lenyewe linatukumbusha ukubwa wa kazi tunayoitwisha nomino ufa. Tetemeko la Desemba 1910 lililotokea upande wa Rukwa lilikuwa na ukubwa unaokadiriwa kuwa takriban 7.4. Mnamo Desemba 2009 mfululizo wa matetemeko, kubwa lake likiwa na ukubwa wa takriban 6.0, uliharibu maelfu ya nyumba wilayani Karonga, Malawi, ng'ambo tu ya Kyela na Ileje. Nyumba za huko zinafanana sana na za kwetu: matofali ya kuchoma, udongo, na paa jepesi.

3.0 Kupima kwa picha

Wazo la kuupima ukuta kwa picha lilizaliwa ukutani. Mwaka 1858 Albrecht Meydenbauer, msanifu majengo kijana wa Prussia, alikuwa akilipima kanisa kuu la Wetzlar kwa mkono, akaponea chupuchupu kuanguka kutoka juu. Baada ya hapo alijiuliza kwa nini mtu ahatarishe shingo yake ilhali picha inaweza kupimwa mezani. Mwaka 1885 ilianzishwa huko Berlin taasisi ya serikali ya kupima majengo kwa picha, naye akaiongoza.

Hata hivyo, Meydenbauer alipima umbo. Sisi tunashughulikia mgeuko, na mgeuko ni jambo la nyakati mbili. Mbinu inayotumika sasa ilianza kuelezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukuta hupigwa picha, kisha hupigwa tena baada ya muda au baada ya kuelemewa na mzigo. Picha ya kwanza hugawanywa katika viraka vidogo vya mraba. Kila kiraka kina mchoro wake wa weusi na weupe usiofanana na wa jirani yake, na kompyuta hukitafuta katika picha ya pili hadi ikipate. Umbali kati ya kilipokuwa na kilipo ndio msogeo wake. Viraka vyote vikishatafutwa, tunapata ramani ya misogeo ya ukuta mzima.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme ukuta wa upana wa mita 4 umejaza picha yenye pikseli 4,000 kwa upana: kila pikseli ni milimita 1 ya ukuta. Ulinganishaji ukifanywa kwa uangalifu huweza kutambua msogeo wa sehemu ya kumi ya pikseli, yaani milimita 0.1. Sharti ni kwamba kamera isiyumbe, au pawepo alama kwenye kitu kisichosogea ili kuyumba kwake kuondolewe katika hesabu. Jua lisihamishe vivuli baina ya picha mbili. Na uso wa ukuta uwe na madoa. Tofali la kuchoma lisilopigwa plasta lina madoa yake ya asili, tena mengi. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe ni mtihani, kwa kuwa kila kiraka kinafanana na kingine, na wapimaji hulazimika kuunyunyizia rangi nyeusi kwanza.

Fundi naye ana vipimo vyake, timazi na pimamaji. Tusividharau: kwa swali la kuinama, timazi hujibu haraka kuliko kompyuta.

4.0 Modeli mbili za ukuta

Kabla ya kupima, mhandisi huwa na dhana ya ukuta ni kitu gani. Dhana hizo ni nyingi, lakini kwa madhumuni yetu zinagawanyika katika makundi mawili.

Kundi la kwanza huuona ukuta kuwa mwili mmoja. J. B. Burland na C. P. Wroth, mwaka 1974, waliuchukua ukuta kama boriti nene iliyolazwa juu ya ardhi. Ardhi ikititia katikati, ukuta hubonyea na mvutano huwa mkubwa chini. Ncha zikititia, ukuta hubinuka na mvutano huwa mkubwa juu, ambako hakuna msingi wa kuuzuia usifunguke. Walipendekeza kwamba mipasuko huanza kuonekana mvutano unapofikia wastani wa asilimia 0.075 hivi ya urefu. Kwa ukuta wetu wa mita 4, hiyo ni milimita 3. Kamera inaziona.

Kundi la pili huuona ukuta kuwa kusanyiko la vitu vingi vilivyopangwa. Jacques Heyman, mwaka 1966, alieleza majengo ya mawe kwa misingi mitatu: mawe hayana nguvu ya kuvutana, hayapondeki, na hayatelezi moja juu ya jingine. Mwaka 1971 Peter Cundall alionyesha namna ya kukokotoa kwa kompyuta misogeo ya mapande mengi yanayogusana, akaruhusu yateleze na kuachana.

Makundi haya hutabiri mambo tofauti, na hapo ndipo picha inapokuwa shahidi. Chora mstari mlalo unaokatisha matofali kumi ya kozi moja, kisha soma msogeo wa kila kiraka juu ya mstari huo. Ikiwa ukuta ni mwili mmoja na haujapasuka, msogeo utapanda polepole kama mteremko wa kilima. Ikiwa ni kusanyiko, msogeo hautabadilika ndani ya tofali, kisha utaruka ghafla kwenye kiungio, utatulia tena, utaruka tena: ngazi, wala si mteremko.

5.0 Kauli tatu

Tuangalie sasa sentensi ambazo msemaji wa Kiswahili huzitoa bila kufikiri:

(1) Ukuta umeinama.
(2) Ukuta umepasuka.
(3) Matofali yameachana.
(4) Matofali yamepishana.
(5) Matofali yamebanana.

(Mitaani husikika zaidi tofali zimeachana, hapa tunafuata upatanisho wa ngeli ya LI-YA, ingawa hoja haibadiliki.)

Sentensi (1) ina kauli ya kutendama. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliitambua kauli hii kuwa inaeleza hali ya kutulia. Mzizi wa inama ndio wa inua, kama mzizi wa simama ulivyo wa simika. Kinachoelezwa ni mkao: inama, simama, egama, kwama. Mtendwa ni mmoja, na viungo vyake havijabadilishana nafasi. Katika ramani ya picha, hali hii hujionyesha kwa viraka vyote kuzunguka mhimili mmoja, msogeo ukiongezeka kadiri tunavyopanda juu. Ikumbukwe kwamba ukuta mara nyingi huinama kuelekea kwa mtazamaji au kumkimbia, na kamera moja haioni vizuri msogeo wa namna hiyo. Huhitajiwa kamera mbili, kama macho mawili.

Sentensi (2) ni ya jamii ya kutendeka, pamoja na nduguye kutenduka: pasuka, katika, meguka, pindika. Hapa pia mtendwa ni mmoja, lakini uzima wake umeguswa: kilichokuwa kimoja hakiko kama kilivyokuwa. Hii ndiyo sarufi ya kundi la kwanza la modeli. Anayesema ukuta umepasuka ameshauchukua ukuta kuwa mwili mmoja.

Sentensi (3) hadi (5) ni za kutendana, na ndizo zenye utajiri. Kiima ni cha wingi. Kila tofali ni zima. Kilichobadilika ni uhusiano baina yao. Zaidi ya hayo, vitenzi vitatu vinagawana pande zote za uhusiano huo. Kuachana ni kwenda mbali, kiungio kikafunguka. Kupishana ni kusogea sambamba na kiungio, moja likaenda huku na jingine kule. Kubanana ni kukaribiana hadi kilichomo katikati kikapondeka. Mhandisi anayekokotoa kiungio huhitaji misogeo hii hii: kufunguka, kuteleza na kufunga. Hatuna haja ya kumwazimia msamiati.

Tazama pia kwamba sentensi (4) inapinga msingi wa tatu wa Heyman. Yeye alikuwa akieleza makanisa makuu ya mawe ya Ulaya, ambako uzito wa jengo huyakandamiza mawe hata yasiteleze. Nyumba ya Tunduma ina paa la bati. Kozi zake za juu, chini kidogo ya paa, hazina uzito wa kutosha kuongeza msuguano, na udongo uliokauka haushiki sana. Matofali ya hapo yana kila sababu ya kupishana. Fundi akisema yamepishana na mhandisi akaja na modeli inayokataa kuteleza, picha mbili za ukuta huo zitaamua, na sioni sababu ya kudhani mapema kwamba fundi atashindwa.

Zipo sentensi zinazotatiza mpangilio huu. Husemwa ukuta umeachana na nguzo, kiima kikiwa cha umoja. Lakini kauli ya kutendana haiachi kudai mwenzi: kihusishi na humleta nguzo, na mpimaji anajua mara moja kwamba kiraka kimoja akiweke ukutani na kingine kwenye nguzo. Husemwa pia ukuta una tumbo. Hapa hakuna mnyambuliko wowote, wala hakuna kiambishi cha wakati timilifu. Msemaji hasemi kama tumbo hilo limetokea au ukuta ulijengwa nalo. Tofauti kati ya una na ume- ndiyo tofauti kati ya picha moja na picha mbili. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umerekodi magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa skana za leza na kwa picha. Kazi hiyo kubwa inatuambia ukuta una nini. Itatuambia umefanya nini siku ukuta huo huo utakapopimwa tena.

Wala tusidai kwamba haya ni maajabu ya Kiswahili peke yake. Mafundi wengi wa Tunduma ni wasemaji wa Kinyamwanga au Kinyiha, lugha ambazo Guthrie aliziweka katika kundi M, na kiambishi -an- cha kutendana ni mali ya lugha za Kibantu kwa ujumla. Upande wa pili wa mpaka, Nakonde, Kinyamwanga kinaendelea. Huenda basi mgawanyo tunaoueleza umetangulia Kiswahili chenyewe katika vinywa vya mafundi hawa. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada angeweza kwenda Tunduma akakusanya sentensi za mafundi kuhusu kuta mahususi kabla hawajaonyeshwa ramani yoyote, kisha akazilinganisha na ramani za picha za kuta hizo hizo. Anapaswa kuwa tayari kukuta kwamba fundi amesema yameachana mahali ambapo tofali lenyewe limekatika; hapo ndipo nadharia hii itakapopimwa.

6.0 Picha nayo ina sarufi

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba kamera haina upendeleo na kwamba lugha ndiyo inayopendelea. Sivyo. Kompyuta inapokitafuta kiraka katika picha ya pili, hudhani kwamba ndani ya kiraka hicho ukuta umegeuka kwa ulaini, bila kukatika. Kiraka kikiwa kikubwa, kikaangukia juu ya kiungio, nusu yake ikawa kwenye tofali moja na nusu kwenye jingine, ule mruko wa ghafla utasambazwa. Ngazi itachorwa kama mteremko. Mpimaji ataitazama ramani yake na kutangaza kwamba ukuta umegeuka kama boriti, sawasawa na modeli yake ya mwili mmoja, na hatajua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeyaunganisha matofali pale alipochagua ukubwa wa kiraka.

Kwa lugha yetu, amechagua kiima kabla ya kusikiliza sentensi. Tofali la urefu wa sentimita 20, katika picha ya mfano wetu, lina pikseli 200. Viraka vya pikseli 20 vitaingia kumi katika urefu wake, na vinaweza kupangwa ili visivuke kiungio. Hapo kila tofali litasema lenyewe. Ikiwa baada ya hapo viraka vya tofali moja navyo vinaachana, basi tofali hilo limepasuka, na kauli ya kutendeka inarudi kwa haki. Katika ukuta wenye matofali yaliyoiva na mabichi tunapaswa kutarajia kauli zote mbili, wakati mwingine katika kozi moja.

7.0 Istilahi

Desturi yetu katika kuunda istilahi imekuwa kuanza na nomino ya Kiingereza na kuitafutia nomino ya Kiswahili. Desturi hiyo ndiyo iliyonipa mabadiliko ya umbo. Ninapendekeza njia ya kinyume: kianze kitenzi, na nomino iundwe kutokana nacho pale inapohitajika tu. Mwinamo utumike kwa mgeuko wa mkao. Mpasuko kwa kukatika kwa tofali au kwa ukuta unaochukuliwa kuwa mwili mmoja. Mwachano, mpishano na mbanano kwa misogeo mitatu ya kiungio. Mwachano litawashtua baadhi ya wasomaji, kwa kuwa sikio letu limezoea talaka. Sikio huzoea. Kushikana kwa udongo na tofali kunaweza kuitwa mwambatano, kutokana na ambata, kitenzi cha kauli ya kutendata ambayo kazi yake ni hiyo hasa ya kueleza mgusano.

Neno ufa libaki, lakini kama jina la kile kinachoonekana kwa macho tu, bila kudai sababu. Kwa upana wake hatuhitaji majina mapya. Burland, Broms na de Mello walitoa mwaka 1977 madaraja sita ya uharibifu: daraja 0 kwa nyufa zisizofikia milimita 0.1, daraja 1 hadi milimita 1, daraja 2 hadi milimita 5, daraja 3 kati ya milimita 5 na 15, daraja 4 kati ya 15 na 25, na daraja 5 zaidi ya 25. Wao wenyewe walionya kwamba upana peke yake hautoshi kuwa kipimo cha uharibifu. Tarakimu inaeleza kiasi. Namna hubaki kuelezwa na kitenzi, na viwili hivyo vinaweza kuandikwa pamoja. Sentensi tatu za ile ripoti, kwa upana ambao mwandishi wake alikuwa ameutaja, ningeziandika leo hivi:

(6) Matofali ya kozi ya tatu hadi ya sita yamepasuka, daraja 3.
(7) Matofali ya pembe ya dirisha yameachana kwenye maungio, daraja 2. Yenyewe ni mazima.
(8) Ukuta wa nyuma umeinama kuelekea nje, hakuna ufa.

Sentensi (8) ndiyo inayopaswa kumtoa mtu ndani ya nyumba kabla ya mbili zilizotangulia, na ndiyo isiyo na ufa wa kuonyesha.